Waliniombea Safari ya Ndege

Wakili wangu alikuwa na ofisi Digbeth, hapa Birmingham, juu ya duka la matairi, na siku aliyoniambia ukweli hakunitazama usoni. Alitazama kikombe chake cha kahawa. Akasema siku ya hukumu nije kortini na begi.

"Begi la nini?"

"La nguo, mama."

"Kwa hiyo nitafungwa."

"Jiandae kama mtu anayefungwa. Jioni ukirudi nyumbani na begi lako, hutakuwa umepoteza kitu."

Akanipangia. Simu itachukuliwa, kwa hiyo namba za watu niziandike kwenye karatasi. Miwani nibebe. Sweta zenye kofia niziache, huko haziruhusiwi. Nguo za ndani niweke nyingi, maana siku za kwanza kufua kuna shida. Barua ya daktari kuhusu mgongo wangu ikae juu kabisa. Mimi shule niliishia darasa la sita, na wakili akiongea haraka huwa nashika neno la mwisho tu, lakini hayo niliyashika yote. Begi nalijua. Mtu aliyehamahama kama mimi akiambiwa fungasha, mikono inaanza yenyewe.

Nilipofika nyumbani Perry Barr, mume wangu alikuwa amesimama jikoni, koti bado mwilini. Mume wangu ni mzee wa kanisa, kanisa letu la Wakenya. Kabla sijaweka mkoba chini akasema, "Nimeshaongea na watu."

"Watu gani?"

"Wa kanisani. Nimewaambia unasafiri. Mama yako hajisikii vizuri, unakwenda kumwuguza."

"Mama yangu ni mzima."

"Mzima, ndiyo. Lakini yuko Nyahururu. Nani atakwenda kumpima?"

Sikucheka, na yeye hakuwa anatania. Alikuwa ameligeuza jambo hilo kichwani mpaka likalainika. Itakuwa ni miezi tu, akasema, watu watazoea, ukirudi umerudi. Nikamwuliza, na binti yetu? Binti yetu anasoma chuo, anaishi na wanafunzi wenzake Selly Oak. Akasema ameshampa maneno ya kusema.

Sasa hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wetu peke yetu. Ukisema unakwenda nyumbani, hujasema habari zako. Umetangaza kwamba kuna ndege, na ndani ya ndege kuna begi, na ndani ya begi labda kuna nafasi. Hakuna atakayekuuliza kama nafasi ipo. Atakuletea tu.

Jumapili hiyo nikaitwa mbele. Wakaniwekea mikono kichwani, mabegani, na mwingine akaniwekea mgongoni palepale panaponiuma. Mchungaji akaomba Bwana ashike mabawa ya ndege. Akaomba rubani awe na akili timamu. Akaomba nipite uhamiaji bila kusumbuliwa. Akina mama wakasema amina, na mimi nikasema amina, huku jasho likinitoka kwa sababu tangu alfajiri sikuwa nimemeza kidonge. Walidhani ni Roho. Mume wangu alikuwa pembeni, amefumba macho. Nilimwangalia vizuri. Alikuwa anaomba kwelikweli.

Baada ya ibada mizigo ikaanza. Vitamini. Kipima presha. Simu ya zamani ya mtoto wa kaka ya mtu. Nguo za mtoto aliyezaliwa Thika. Mmoja alileta kikaango, akasema, "Ni kidogo tu, dadangu, hata uzito hakina." Mwenyekiti wa akina mama, ambaye ni muuguzi, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, alileta viatu vya ngozi laini.

"Ni vya mamangu. Miguu imemvimba, viatu vya huko vinambana. Mwambie nimevitembelea mwenyewe nyumbani nikavilegeza."

"Nitamwambia," nikasema.

Vyote tukavirundika chini ya kitanda. Begi kubwa la Kenya lilikuwa upande wa mume wangu, limejaa na halina safari. Begi dogo lilikuwa upande wangu.

Niseme nilivyofika huko, kwa kuwa watu wanapenda kufikiri mtu anaamka tu siku moja akawa mraibu. Kazi yangu ilikuwa kea, kulea wazee majumbani mwao. Kuna wazee wazito wasioinuliwa na mtu mmoja. Kampuni yenyewe ilisema lazima tuwe wawili. Msimamizi wetu aliandika wawili na kunituma mimi peke yangu. Nikimpigia simu anasema mwenzako yuko njiani. Mwenzangu alikuwa njiani miaka. Mgongo ukakatika siku nilipomgeuza mzee mmoja ambaye alikuwa akiniomba radhi kwa uzito wake. Huyo msimamizi ana deni langu, na siku hizi amepandishwa cheo, nasikia.

Daktari akanipa vidonge vikali vya maumivu. Vilifanya kazi kuliko alivyosema. Alipoacha kuniandikia, binamu wa mume wangu akasema yeye ana mtu wa kuvipata. Akaniletea bure, tena kwa upole, mpaka nikawa siwezi kushuka kitandani bila vidonge hivyo. Halafu siku moja akaja na mfuko akaomba nafasi kwenye friza. Friza letu ni lile refu la kulala, la matumbo na mboga za terere na samaki. "Shemeji, ni wiki moja tu." Nilijua ni nini. Mume wangu naye alijua, maana ndiye aliyekuwa akitoa nyama humo kila siku, na mfuko haukufichwa. Polisi walipokuja na mbwa, mume wangu alisema hajui lolote. Mimi nikasema vidonge ni vyangu. Binamu alihama mji wiki hiyo hiyo, na sasa anauza magari na kuweka picha zake akiwa amevaa suti.

Nilikiri kortini na hukumu nikaipokea. Hilo limekwisha, silirudii.

Siku yenyewe ya hukumu mume wangu alinishusha kwenye kona, si mlangoni, kwa kuwa mzee wa kanisa hawezi kuonekana kortini. Akanipa mkono kama tunavyopeana kanisani. Binti yangu ndiye aliyekaa nyuma akanitazama. Jaji aliposema neno la mwisho nikashushwa ngazi na begi langu, nikatiwa katika gari lenye vijichumba vya mtu mmoja mmoja ambavyo magoti yanagusa mlango. Gereza la wanawake haliko Birmingham. Nilitazama mji ukipita kwenye kioo cheusi, nikafikiri kwamba muda huo wenzangu wanajua niko angani.

Bloku waliyoniweka kwanza, ile kubwa, ilikuwa na dawa kuliko mtaa wetu wote. Asubuhi wanawake walipanga foleni ya dawa za hospitali, na wengine walirudi wamezibana chini ya ulimi ili waziuze. Kulikuwa na moshi wa karatasi zilizolowekwa kemikali na kuvutwa kama sigara, ulipita chini ya milango na kukufuata kitandani. Mwanamke wa seli ya pili alinigongea ukuta siku ya tatu au ya nne, nikiwa bado natetemeka na kutapika.

"Mama, mgongo vipi leo?"

Sikuwa nimemwambia habari za mgongo. Mwenye duka humjua mteja hata kabla hajaingia.

"Mgongo mzima," nikasema.

"Ukichoka kudanganya, niko hapa."

Nilichoka. Nilimpa sabuni yangu nzuri na biskuti, akanipa vidonge viwili, na kwa jioni moja nikawa mtu. Wiki hiyo mwanamke mmoja wa ghorofa yetu alibebwa kwenye machela, mguu mmoja ukining'inia nje ya shuka, na hakurudi. Aliuziwa na huyo huyo wa ukutani. Hapo nikaelewa kwamba katika bloku hiyo na mimi nitatoka hivyo. Nikaenda kwa afisa wa zamu, nikamwambia naomba matibabu, naomba leo.

Haikuwa leo. Bloku ya matibabu ina vitanda vichache na watu wanangoja. Nilipoitwa, mshauri wa pale, mwanamke wa umri wangu ambaye zamani alikuwa mraibu mwenyewe, alinieleza bila kupamba maneno. Mkojo utapimwa wakati wowote watakapotaka. Kila asubuhi tunakaa duara na kusema kweli. Ukimaliza ukiwa safi, tutaandika hivyo, na kuna nafasi nzuri ya kutoka kabla ya wakati, ukavalishwa bangili ya kielektroniki mguuni, ukamalizia kifungo nyumbani.

"Na nikimaliza, nisipotoka?"

"Kitanda ni cha mwingine. Utarudi ulikotoka."

Basi nikajua. Mbele yangu kulikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa na yule mwanamke nyuma ya ukuta.

Asubuhi ya kwanza kwenye duara nilitoa ushuhuda, kwa sababu ndicho nilichokijua. Kanisani kwetu unasimama, unasema ulivyokuwa umepotea, unasema Bwana alivyokushika, watu wanapiga makofi, unakaa. Nikasema hivyo. Hakuna aliyepiga makofi. Mshauri akaniuliza, "Na leo asubuhi, kidonge unakitaka?" Nikasema Bwana ameiondoa kiu hiyo. Wenzangu wakatazama sakafu. Kulikuwa na Mkongo mmoja, mama wa Bukavu aliyelelewa kwa Kifaransa na Kiswahili chao, akaniinamia na kuniambia kwa lugha yetu mimi na yeye:

"Mama, Mungu ni muzuri. Lakini weye uko unatetemeka."

Nilimchukia siku nzima. Baadaye ndiye niliyekaa naye mezani. Akiniona nimenyamaza kwenye duara ananikanyaga mguu. "Semaka," ananiambia, "hapa watu yote walishakosa, utamuogopa nani?" Nikajifunza kusema. Nilisema nakitaka kidonge, nakitaka sasa hivi, nakiota. Nilisema habari za msimamizi na za binamu na za mume wangu. Mshauri alisikiliza yote na hakuniambia nisamehe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliniuliza tu binamu akigonga mlango nitafanya nini. Nililipata jibu wiki nyingine: sitafungua, na nitapiga simu.

Miezi ikapita nikiwa safi. Mume wangu hakuja kunitembelea hata mara moja, maana Kenya haiendwi kwa treni. Binti alikuja. Huwa namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na hapo chumba cha wageni alinijibu vivyo hivyo, ila alikuwa ameshika mkono wangu.

Matibabu yalipokaribia kwisha, nikampigia mume wangu.

"Kuna afisa wa probesheni atakupigia. Atauliza kama nitaishi hapo nikitoka. Wewe sema ndiyo."

"Nimeelewa."

"Sema ndiyo tu, usiongeze."

"Mama, nimesema nimeelewa." Kisha akaongeza, "Kuna hii habari ya mizigo. Watu wa kule wanauliza wenzao wa huku. Nimewaambia begi lilipotea Addis."

"Addis?"

"Ndege inapitia pale. Mabegi hupotea."

Nilikata simu nikiwa na wasiwasi ambao sikuweza kuuweka mahali. Si kwa sababu ya mabegi. Ni kwa vile alivyolisema neno hilo, haraka, kama mtu ambaye siku hizi uongo humtangulia mdomoni.

Wiki iliyofuata mshauri aliniita, akafunga mlango, akakaa upande wangu wa meza. Mtu akihamia upande wako wa meza, jua kuna msiba.

"Afisa amempigia mumeo," akasema. "Mumeo amesema uko Kenya, na kwamba utakaa huko sana. Halafu akakata simu."

Akaendelea taratibu. Bila anwani hakuna bangili, bila bangili hakuna kutoka. Tena sasa kuna shaka imeandikwa: je, mfungwa huyu ana mpango wa kuhama nchi? Kitanda changu kilikuwa kimeshaahidiwa mwingine mwisho wa wiki ijayo.

"Una mtu mwingine?"

Nikampigia mume wangu siku hiyo hiyo. Alinieleza kama mtu aliyeonewa. Simu yake ilikuwa imeunganishwa na spika za gari. Mchungaji alikuwa kiti cha mbele, mwenyekiti wa akina mama nyuma, wanakwenda kwenye matanga. Sauti ya Mwingereza ikajaa gari zima ikiuliza juu ya mke wake na anwani.

"Ningesema nini?"

"Ungesema utampigia baadaye."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Tena haraka sana. Basi mpigie sasa. Mwambie ulikosea."

"Nikimpigia sasa ataniona mwongo. Ataliandika. Tungoje kidogo, mambo yatulie."

"Mpaka lini?"

"Hata mwezi. Wewe umeshazoea huko."

Hayo maneno mawili ya mwisho nimeyabeba mpaka leo. Sijui nitayatua wapi.

Binti aliuliza kwa mwenye nyumba yao. Mwenye nyumba alisema ni nyumba ya wanafunzi, hataki bangili za polisi. Mwenzangu mmoja wa kazini alisema ataniombea. Nilitoa ile karatasi ya namba nikaiangalia usiku na mchana. Namba ya mwenyekiti wa akina mama ilikuwa humo, lakini gerezani hupigi namba mpaka waikubali, na kuikubali kunachukua siku. Nikaiombea kibali. Yule mama wa Bukavu aliniuliza nitamwambia nini huyo mwenyekiti.

"Kweli."

"Yote?"

"Yote."

"Eh. Atakufa."

"Wacha afe."

Namba ilikubaliwa Ijumaa. Nilisubiri Jumapili, saa ya chai, ibada ikiwa imekwisha na akina mama wako pamoja ukumbini. Ukipiga simu kutoka gerezani, anayepokea husikia kwanza sauti ya mashine ikimwambia kwamba simu hii inatoka gerezani. Nilisimama nimeegemea ukuta nikingoja akate. Hakukata. Nilimsikia akipumua.

"Mama," akasema polepole, "wamekushika wapi? Ni uwanja wa ndege? Ni kile kikaango?"

"Hakuna ndege. Sikusafiri. Niko hapa Uingereza, gerezani, tangu ile wiki mliyoniombea. Akina mama wako hapo?"

"Tuko wote. Tunakunywa chai."

"Niweke kwenye spika."

"Dadangu, fikiri kwanza."

"Nimefikiri miezi. Niweke."

Nilisikia meza ikigongwa, vikombe, halafu ule mwangwi wa ukumbi. Nikasema. Nilisema nilikuwa nameza vidonge na nilitunza vya kuuza, nikafungwa. Nilisema nimetibiwa na niko safi. Nilisema mume wangu aliulizwa kama nirudi nyumbani, akajibu niko Kenya, na aliyekuwa garini na akasikia, anajua namaanisha simu ipi. Nilisema nisipopata mahali pa kuishi wiki hii nitarudishwa kwenye bloku ya dawa, na huko sitapona. Nikawaambia nahitaji anwani. Mwenye chumba aseme.

Kijiko kilianguka. Halafu nikasikia sauti ya mwenyekiti karibu na simu.

"Na viatu vya mamangu?"

"Viko chini ya kitanda changu."

"Havikupotea Addis?"

"Havijatoka Perry Barr."

Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko akakibana. Mwingine akasema, "Na mimi kikaango changu kipo?" Mlio wa simu ukaniambia salio linakwisha.

"Nimesikia," akasema mwenyekiti, na simu ikakatika.

Nimesikia. Nilirudi seli sijui amesikia nini. Jumatatu hakukuja neno. Jumanne hakukuja neno. Jumatano mshauri akaja na uso wa kuomba radhi. Anwani ilikuwa inashughulikiwa upya, alisema, lakini kitanda hakingojei, na mwenye kitanda ameshafika kabla ya siku yake. Nikafungasha. Mama wa Bukavu alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanisemea kitu kwa Kifaransa ambacho sikukielewa, nami sikumwuliza.

Walinirudisha bloku kubwa, ghorofa ile ile. Moshi ulikuwa ule ule. Nilikaa kitandani na viatu mguuni. Mgongo ulikuwa umeanza tangu niliposhuka ngazi na begi, ule uchungu wa chini unaopanda kama maji kwenye shimo. Akagonga.

"Mama. Umerudi. Mgongo vipi?"

"Unauma."

"Leo umesema kweli."

"Unauma sana," nikasema. "Nataka hivyo vidonge kuliko ninavyotaka kutoka hapa. Usinigongee tena."

"Nitakupa kimoja bure. Wewe ni mtu wangu."

Bure. Binamu alianza kwa neno hilo hilo. Nikaburuta kitanda mpaka ukuta wa pili, mgongo ukalia, nikalala upande usiosikika sana. Aligonga tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara nilimjibu kwa sauti, kwa Kiswahili, maneno ambayo mzee wa kanisa asingependa mkewe ayajue. Kwenye hilo la Kiswahili alikata tamaa.

Yaliyotokea nje niliyapata kwa binti yangu baadaye. Jumapili ile ile mwenyekiti na akina mama watatu walikwenda kwangu, wakavua viatu mlangoni, wakakaa sebuleni. Hawakupiga kelele. Mwenyekiti aliomba chai, na mume wangu, ambaye hajui majani yako wapi, akaipika. Alipomaliza kunywa akaomba mzigo wake. Akina mama wakaenda chumbani wenyewe wakavuta begi. Kisha akamwuliza, "Baba, namba ya yule afisa unayo?"

"Ninayo."

"Piga."

"Ni Jumapili, mama. Ofisi zimefungwa."

"Basi tutakuja kesho."

Kesho alikuja asubuhi akiwa na sare zake za hospitali, akakaa kiti kile kile mpaka mume wangu akapiga. Simu ikawa inaita bila kupokelewa. Jumanne akarudi, akakaa. Safari hii afisa akapokea, na mwenyekiti akasema simu iwekwe kwenye spika, hakuna siri. Afisa akauliza kwa nini bwana alisema mkewe yuko Kenya. Binti yangu anasema baba yake alitazama dari, kisha akajibu, "Nilikuwa na watu ndani ya gari."

Afisa alikuja kukagua nyumba. Nikaulizwa na mimi, ana kwa ana, kama najisikia salama kuishi na mtu huyo. Mshauri ndiye aliyeletwa kuniuliza. Akasema naweza kukataa na hakuna atakayenilaumu. Angeendelea kunitafutia kwingine, ila hajui ni lini.

Watu hudhani hapo nilifurahi. Nilikaa nikimfikiria mume wangu na koti lake, na nikalijua lililomfanya akubali. Haikuwa mimi. Kumficha mke mfungwa kulikuwa aibu moja. Kumkataa mke mfungwa mbele ya akina mama wa kanisa kulikuwa aibu kubwa zaidi, na yeye alipima akachagua ndogo. Nilikuwa narudishwa nyumbani na aibu yake. Upande wa pili wa ukuta yule mwanamke alikuwa anakohoa.

"Andika ndiyo," nikamwambia mshauri. "Na uandike kwamba binamu yake asikanyage."

Akaandika vyote viwili.

Nilitoka asubuhi yenye mvua nyepesi, na mfuko wa plastiki wa vitu vyangu kwa kuwa zipu ya begi ilikuwa imekufa. Binti alinipokea stesheni. Jioni alikuja mtu wa bangili, kijana mpole, akaniwekea mguuni akanitembeza chumba hadi chumba ili mashine ijue mipaka ya nyumba. Nilipofika karibu na friza mashine ilikubali. Mume wangu alisimama kwenye ngazi akitazama, akamwuliza yule kijana kama atakunywa chai.

Tangu saa moja jioni hadi saa moja asubuhi nilikuwa sina ruhusa ya kutoka nje ya nyumba ile, nami nilikuwa ndani yake na yeye. Alihamia chumba kidogo bila kuambiwa. Wengine wa wale akina mama walikuja, wengine hawajaja mpaka leo. Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Ulinidanganya nikakuombea," akasema. "Hilo bado sijalimeza." Nikamwambia hata mimi nina mengi ambayo sijayameza. Akacheka kidogo, akaniachia mkate.

Kanisa lilimpumzisha mume wangu cheo cha mzee kwa muda mfupi, kisha likamrudishia. Siku moja akaniambia mchungaji anaomba nitoe ushuhuda.

"Nitatoa."

"Vizuri."

"Nitataja aliyeleta mfuko na aliyekuwa akitoa nyama."

Akakunja gazeti. Akasema labda wakati bado. Habari za ushuhuda ziliishia hapo.

Bangili imetolewa sasa. Naenda kupimwa kila wiki, naenda kwenye duara la watu wa mjini, na natafuta chumba changu mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu mwenye rekodi kama yangu halina haraka. Vidonge sijagusa. Asubuhi mgongo huuma kabla sijafumbua macho. Nalala hapo hapo nikimsikiliza mume wangu anavyochemsha maji huko chini, anavyovaa viatu, anavyofunga mlango. Halafu nageukia ubavu, nashika ukingo wa kitanda, naamka.